Pumzi Kabla ya Ubeti

Jambo la kwanza lilikuwa dogo mno hata Wacław Drzazga hakujisumbua kugeuza shingo. Alimaliza ubeti, akainua mikono kutoka kwenye kinanda, na nyuma yake, pale roshani ya kwaya ambako hakukuwa na kiumbe, mtu akavuta pumzi.

Haikuwa kuhema wala kupiga mwayo. Ilikuwa pumzi ya mwimbaji, fupi na ya haraka, inayoshuka mpaka tumboni, ile ambayo ukishaivuta huna budi kuimba. Wacław alikuwa mpiga kinanda wa kanisa letu la Kruszyniec kwa zaidi ya nusu ya umri wake, na pumzi ya namna hiyo aliijua vizuri. Alijiambia ni upepo unaovuja kwenye mabomba. Akaguna, akafunua ukurasa, akaanza ubeti uliofuata.

Kabla sijafika mbali niseme wazi kwamba mtu huyu mimi simwonei huruma. Wapo hapa mjini wanaosema maskini, alikuwa na majonzi. Majonzi nani hana? Wacław alikuwa na majonzi na kiburi, na kati ya hivyo viwili alichokilisha kikanenepa ni kiburi.

Mkewe Teodora ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya. Alipofariki, wanakwaya wake walipanda roshani siku ya mazishi, macho yamevimba, wakaanza ule wimbo wa marehemu ambao huku kwetu karibu na mpaka wa mashariki huimbwa misibani tangu enzi za mababu. Una beti kumi na mbili, na ule wa mwisho ndio unaomuaga marehemu na kumwambia aende zake, asitazame nyuma. Wanakwaya walikuwa wanalia, na kwaya inayolia sauti hushuka. Kufikia ubeti wa saba walikuwa wameshuka kiasi cha kumkera mwenye masikio. Wacław alikuwa na masikio. Alivuta vishikio vyote vya kinanda, vile vinavyofungulia mabomba yake, akawafunika kwa kishindo mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka, akapiga kitu kingine kabisa, na Teodora akatolewa kanisani wimbo wake umekatwa katikati.

Genowefa Pyra, muuza mikate, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini inayotikisa benchi, alifunga kitabu chake palepale.

"Piga mwenyewe basi, na uimbe mwenyewe," alimwambia, jeneza bado liko mlangoni.

Kwaya nzima ikashuka ngazi nyuma yake, na haikupanda tena.

Mwaka uliofuata ndipo yalipopatikana yale maandishi. Jalada la kitabu kikuukuu cha misa lilikuwa limechanika, na fundi aliyepewa kulitengeneza akakuta ndani yake, badala ya ubao, karatasi nyingi zilizogandishwa pamoja kwa gundi. Zamani walifanya hivyo, kitabu kilichochakaa kilikatwakatwa kikaimarishe jalada la kingine. Zilipobanduliwa kwa mvuke ikaonekana kwamba ni muziki wa kinanda, wenye umri wa zaidi ya miaka mia nne. Sauti ya juu imeandikwa kwa nota juu ya mistari. Sauti za chini hazina nota kabisa, ni herufi tu, moja chini ya nyingine, na juu yake vijiti na vikia vya kuonyesha kila sauti ikae muda gani. Asiyejua akiyatazama maandishi hayo anadhani ni hirizi.

Wacław aliyajua. Kwa hilo nampa haki yake. Alikaa na karatasi zile majira ya joto yote, akazisoma herufi kwa herufi, sehemu zilizoliwa na gundi akazikisia, na siku aliyoupiga ubeti wa kwanza mzima alilia peke yake pale juu. Ulikuwa wimbo uleule wa marehemu. Ila kwenye karatasi kulikuwa na beti sita tu, na kila baada ya ubeti mwandishi ameacha nafasi na kuandika neno moja la Kilatini lenye maana ya "wanaimba."

"Baba, hii ni nusu," binti yake Mela alimwambia jikoni, supu ya viazi vyekundu inapoa mbele yao. Mela alikuwa na miaka ishirini na sita, alifundisha watoto uimbaji, na kabla ya Krismasi alikuwa anakwenda Gdańsk kujaribiwa sauti kwenye jumba la opera. Hakuna kitu alichokitaka duniani zaidi ya hicho. "Kinanda kinapiga ubeti wa kwanza, watu wanaimba wa pili. Kinanda wa tatu, watu wa nne. Ndivyo walivyogawana. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

"Najua nilichokufundisha."

"Na angalia maneno. Beti za kinanda zote ni za kuita. Njooni mliolala, njooni mlio mbali. Za waimbaji ndizo zinazowaombea na kuwaaga. Sasa wewe ukipiga zako mfululizo, unaita watu halafu huwaagi."

"Sina waimbaji."

"Waombe radhi, utakuwa nao."

"Wale mbuzi?" Wacław aliweka kijiko mezani kwa nguvu. "Waliomlilia mama yako nusu nota chini? Karatasi imetoka gizani baada ya miaka mia nne, sasa imsubiri Genowefa na maandazi yake? Jumapili ya mwisho ya Novemba watakuja watu kutoka Warsaw kunisikiliza. Watasikia kinanda. Nitapiga beti zangu sita, moja baada ya nyingine, na hakuna atakayekosa kitu."

"Wewe hata mama hukumwacha amaliziwe wimbo wake."

"Usinitajie mama yako."

"Nitamtaja mpaka uchoke!"

Mela aliinuka, akaacha supu yake. Hivyo ndivyo walivyoishi baba na binti katika nyumba ya mpiga kinanda, iliyo hatua chache tu kutoka ukuta wa kanisa.

Novemba huku kwetu jua huzama saa kumi. Kila jioni, makaburini taa za mishumaa zikiwa bado zinawaka tangu siku ya wafu, Wacław alipanda roshani kufanya mazoezi. Pumzi ile ya kwanza ikawa na wenzake. Mwisho wa ubeti zilikuwa tatu, kesho yake saba, halafu hazikuhesabika tena, ilikuwa ni kwaya nzima inayovuta pumzi kwa mpigo mmoja, tayari kuimba, na Wacław kwa vidole vyake anawahi kuanza ubeti mwingine juu yao kama alivyozoea kufanya. Hapo walionyimwa zamu walitoa sauti nyingine, ndefu, ya kupita katikati ya meno. Mwenye akili angeijua. Ilikuwa hasira.

Halafu ikaingia nyumbani.

Mela aliisikia kwanza jikoni, birika lilipoacha kuchemka. Mtu alivuta pumzi kati ya kabati na dirisha. Akageuka, hakuna. Akafungua kinywa kusema "Baba?" na kabla hajatamka, sikioni kwake, karibu kabisa, mtu mwingine akavuta pumzi ile ambayo yeye alikuwa anaitaka. Neno likatoka limechakaa nusu. Tangu siku hiyo nyumba ikawa na harufu ya koti la ngozi ya kondoo lililolowa mvua, na mafuta ya mshumaa wa zamani, na udongo uliofukuliwa leo. Mela alifungua madirisha yote. Harufu haikuwa na haraka ya kwenda popote.

Kisha ukaja mchana wa ile nota. Alikuwa sebuleni anafanya mazoezi ya Gdańsk, anapanda ngazi za sauti moja moja, na alipofika ile ya juu kabisa, ile aliyoihangaikia miaka mitatu mpaka ikawa yake, alifungua kinywa kisitoke kitu. Si kwamba ilikwaruza. Haikuwepo. Na ng'ambo ya ua, kutoka juu kanisani, ambako baba yake alikuwa amemaliza ubeti, nota ileile ikasikika, safi, ya kwake, ikiimbwa na mtu mwingine kwa muda mfupi kabla kinanda hakijaizima.

Siku chache baadaye sauti yote ilikuwa imekwenda. Daktari alimmulika kooni, akasema koo ni zima, pengine ni wasiwasi wa mtihani, anywe maji ya vuguvugu. Mela alinong'ona kwamba hata pumzi zenyewe sasa hazimtoshi, akipanda ngazi lazima akae. Daktari akaandika apumzike.

"Baba, acha kupiga," alimnong'oneza jioni ile, amemshika mkono wa koti mlangoni. "Nakuomba. Acha mpaka nipone."

"Zimebaki siku tisa, Mela. Ni mafua tu."

"Unajua si mafua."

Wacław hakumtazama. Alijinasua, akavuka ua na karatasi zake kwapani.

Mela akamfuata. Alipanda ngazi za roshani akikaa kila baada ya vidato vichache, na ndani ya kanisa kulikuwa na baridi kiasi kwamba pumzi ya mtu ilionekana. Aliiona ya baba yake, kule mbele, chini ya taa ndogo ya kinanda, mvuke mweupe unaotoka na kupotea, na alitaka kumwita, lakini ubeti ulikuwa unafika mwisho, na nota ya mwisho ilipokatika, nyuma ya mgongo wa baba yake, pale ambapo kwaya husimama, Mela akaona mvuke mwingine, na mwingine, na mwingine, safu kwa safu, kila mmoja mahali ambapo kinywa cha mtu kingekuwa, mingine juu kwa watu warefu na mingine chini kabisa kwa kimo cha watoto, na hapakuwa na nyuso wala mabega wala nguo, ni mivuke tu, ikarudi ndani yote kwa wakati mmoja, ikavutwa, na Mela akahisi kifuani kwake kitu kinavutwa pamoja nayo, kama mtu anavyovuta kitambaa cha meza, akaangalia mbele ya kinywa chake mwenyewe katika baridi ile, akapumua kwa nguvu zake zote, akapumua tena, na hakukuwa na mvuke.

Juu ya kinanda kuna kioo, ili mpigaji amwone padri altareni. Katika kioo kile macho ya Wacław yalikutana na ya binti yake. Alikuwa ameona yote, safu kwa safu. Alikuwa ameiona jana na juzi. Akashusha macho kwenye karatasi, akaanza ubeti uliofuata.

Hapa nikisimulia hasira hunishika upya. Aliona! Alimwona mwanawe na aliwaona wao, akapiga.

Padri Ksawery alikuja asubuhi na maji ya baraka, akanyunyiza roshani, akanyunyiza nyumba, akamnyunyiza na Mela. Alipofungua kinywa kusali, mtu akavuta pumzi kabla yake. Padri aliganda na kitabu mkononi, akamaliza sala kimoyomoyo, akashuka.

"Hawa marehemu hawakufanya kosa," alimwambia Genowefa, aliyekuja na mkate wa mgonjwa. "Wanadai zamu yao. Nitamfukuzaje mtu anayedai zamu yake?"

Genowefa hakusubiri askofu wala nani. Alimfunga Mela blanketi, akamweka mbele kwenye gari lake la mikate, akampeleka ng'ambo ya mto Narew kwa Nadzieja, mnong'onezi. Huku kwetu hilo si jambo la kuficha, hata Wakatoliki huenda kwa wanawake hawa wa Kiorthodoksi wanaonong'ona sala juu ya mgonjwa, daktari akishindwa, na wakati mwingine kabla ya daktari.

Nadzieja alikuwa anatazama mchezo wa televisheni na hakufurahi kukatizwa.

"Mimi natibu hofu, kijicho na vipele," alisema. "Huyu ana nini?"

"Sauti imechukuliwa, mama."

"Kaa hapo."

Alimfunika Mela kichwa kwa kitambaa cha kitani, akanong'ona, akawasha kidonge cha nyuzi za kitani juu yake. Kidonge kile kikiungua hupaa, ndipo ugonjwa unapokwenda. Hiki hakikupaa. Moto wake ulilala upande, ukarefuka kuelekea dirishani, kuelekea mtoni na kanisani ng'ambo, kama unaovutwa na mtu anayepuliza kinyume, ukazimika. Nadzieja akawasha cha pili. Kikafanya vilevile. Akazima televisheni.

"Kuna wengi wanavuta kupitia kwake," alinong'ona. "Nani amewakatiza watu wimbo?"

"Baba yake," Genowefa alijibu upesi.

"Na wewe je?"

"Mimi? Mimi nimefanya nini?"

"Wewe unaujua ule wimbo?"

"Tangu kwa bibi yangu."

"Umeimba mara ya mwisho lini?"

Genowefa alirekebisha blanketi la Mela.

"Basi wote mmenuna," Nadzieja alisema, na sauti yake ikapanda kwa ukali. "Yeye amenuna huko juu, ninyi mmenuna huku chini, na katikati mmeweka msichana wa watu anyonywe. Mimi sina dawa ya hili. Nendeni mkawaimbie beti zao mpaka mwisho, mwisho kabisa, na Amina yake. Na mfanye upesi. Huyu kesho kutwa hatakuwa na pumzi ya kushuka kitandani."

Genowefa alirudi mjini akiendesha kama mwizi. Alimkuta Wacław uani.

"Kesho asubuhi njoo dukani," alimwambia. "Wanakwaya wote watakuwepo. Ukija, tutaimba. Usipokuja, mzike na huyu, na mazishini kwake upige kinanda unavyotaka."

Alikuja. Asubuhi ile duka la mikate lilijaa, kwaya pamoja na wateja ambao hawakuwa na haraka hata kidogo ya kuondoka. Wacław alisimama kati ya mikate ya shayiri, kofia mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina," duka zima liliitika.

"Nilikosea," Wacław alisema.

"Wa nyuma hawajasikia, Bwana Wacław," Genowefa alisema.

"Nilikosea! Siku ile ya mazishi. Mlishuka sauti, mlikuwa mmeshuka nusu nota nzima—"

"Eeh?"

Wacław aliikunja kofia. Shingo yake ilikuwa nyekundu. "Lakini nilikosea."

Haukuwa msamaha mzuri. Nimesikia wezi wa kuku wakiomba vizuri zaidi. Lakini Genowefa alivua aproni, na saa tisa alasiri kwaya yote ilikuwa roshani, pamoja na Mela aliyebebwa juu kwenye kiti, amejifunika blanketi mpaka kidevuni, karibu na swichi ya mota inayosukuma upepo kwenye kinanda.

Wacław akapiga ubeti wa kwanza. Ulipokwisha akainua mikono, na kwa mara ya kwanza hakukigusa tena kinanda. Pumzi zikavutwa, za walio hai na za wengine, na kwaya ikaingia ubeti wa pili.

Waliokuwepo wanasema hivi: walikuwa waimbaji kumi na wanne, na sauti zilizosikika zingejaza kanisa kuu. Kulikuwa na sauti za wazee na za watoto, na matamshi ya kizamani ambayo hakuna anayeyatumia leo. Hakuna mwanakwaya aliyegeuka. Genowefa aliimba amefumba macho, machozi yanamtiririka, kwa sababu mivuke ilikuwa imesimama kati yao, bega kwa bega, na ule ulio karibu naye ulikuwa na harufu ya koti lililolowa. Ubeti wa nne ulipoisha, baadhi ya wale wa mivuke hawakuwepo. Wa sita, wengine wakaenda, watoto wote kwa pamoja. Wa nane, wa kumi. Kila walipoagwa, wafu waliondoka kwa amani, na rangi ikaanza kurudi midomoni mwa Mela.

Baada ya ubeti wa kumi ulibaki mvuke mmoja. Ulisimama mbele ya kwaya, mahali pa kiongozi, na sauti iliyokuwa imebaki ikiimba nao, nyororo, ya chini kidogo, yenye tabia ya kuchelewa kidogo mwishoni mwa mstari, kila mmoja pale aliijua, maana walikuwa wameifuata miaka mingi. Ilikuwa ya Teodora.

Wacław aliuona mvuke ule kwenye kioo. Alipiga ubeti wa kumi na moja taratibu mno, vidole vinaganda kwenye kila herufi, na alipofika mwisho hakuinua mikono. Kwaya ilishavuta pumzi. Kabla hawajatoa sauti, akaanza tena ubeti wa kwanza. Njooni mliolala. Njooni mlio mbali.

"Bwana Wacław!" Genowefa alipaza sauti. "Usifanye hivyo!"

Hakusikia, au alisikia. Alikuwa anatazama kioo na anatabasamu, na kanisani, kutoka chini ya sakafu, kutoka milangoni, zile pumzi zilianza kurudi moja moja, na Mela kitini akapinda mgongo, kinywa wazi, mikono inatafuta hewa, na mkono mmoja ukagonga ukutani, ukapapasa, ukafika kwenye swichi.

Mota ikafa. Kinanda kikalia kilio kirefu kinachoshuka, mpaka upepo wote ukaisha mabombani, na Wacław akabaki anagonga mbao zisizo na sauti. Katika kimya kile Genowefa akaanza ubeti wa mwisho peke yake, na kwaya ikamdaka. Walimwimbia Teodora wimbo wake mpaka mwisho. Hawakushuka hata kidogo. Walisema Amina, na mbele ya kinywa cha Mela, katika baridi ya roshani, mvuke mweupe ukatoka, mkubwa, wa mtu mzima aliye hai.

"Ungeniua," alimwambia baba yake. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa sauti baada ya siku kadhaa. "Ulikuwa unaona, na ungeniua."

Wacław alikuwa amelaza kichwa juu ya kinanda.

Wageni wa Warsaw waliandikiwa wasije. Padri alizichukua karatasi zile akazifungia kabatini, ufunguo shingoni mwake. Nyumba ya mpiga kinanda ikarudia harufu yake ya kabichi na kahawa. Mela alipona haraka, nota yake ya juu ikarudi, na wiki moja kabla ya Krismasi alipanda treni kwenda Gdańsk bila kumkumbatia baba yake, nami siwezi kumlaumu.

Asubuhi ya kujaribiwa alisimama kwenye ujia wa jumba la opera, akingoja kuitwa jina. Alikuwa na furaha, na furaha ilimlegeza moyo. Akapiga simu nyumbani. Simu ikapokelewa, na kabla baba yake hajasema neno, karibu kabisa na chombo, mtu akavuta pumzi. Ilikuwa ya mwanamke.

"Baba, nani yuko hapo na wewe?"

"Hakuna mtu."

"Karatasi si zimefungiwa?"

Halafu Wacław akasema, kwa sauti ya upole ambayo hakuwahi kumpa binti yake maishani, "Nimezisoma majira ya joto yote, Mela. Ninazijua kwa moyo. Na nimepiga ubeti wa kwanza tu. Huo mmoja tu. Yuko peke yake."

Mlango wa ukumbi ukafunguka. Mtu mwenye orodha mkononi akaita, "Melania Drzazga!"

Mela alikuwa na matusi yote ya Kruszyniec kwenye ncha ya ulimi. Alifungua kinywa amtukane baba yake, na upande wa pili wa simu mama yake akavuta pumzi kwanza, na sauti haikutoka.